Mti Uliokataa

Tangu sheria mpya ianze, kila mti mkubwa wa msitu wa Amazoni una kifaa kinachousemea, na hakuna anayeruhusiwa kubandua hata gome bila idhini ya mti wenyewe.

Nawani hakuona taabu. Watu wake wameiomba miti ruhusa tangu enzi za mababu, na wimbo wa kuombea alifundishwa utotoni. Binti yake, Iraya, aliposhikwa na homa, Nawani alichukua kisu akaenda kwenye mti wa dawa, akaimba hadi mwisho.

“Samahani, mama,” mti ulijibu kupitia kifaa, kwa lugha ya Nawani. “Leo siwezi kukupa.”

“Mwanangu anaungua kwa homa!”

“Nimesikia. Pole sana.”

Akapiga magoti, akaimba tena na tena. Jibu halikubadilika. Aliinua kisu, kisha akakishusha, kwa maana wazee walimfunza kwamba mti humkatalia aliyekosea tu, na ukikataa huachwa. Akarudi mikono mitupu.

Iraya alimtazama kwa macho mekundu. “Umekataa? Mti wetu?”

“Umekataa, mwanangu.”

“Basi kuna kosa umelifanya, mama,” binti alisema, akageukia upande wa pili.

Nawani akaketi kando yake, akaanza kulitafuta kosa hilo moyoni.