Ukuta wa Mikono Mitatu

Hatibu alisema "Bismillahi" akaupiga mtaimbo ukuta wa Gavana, na chumba kizima kikanuka chokaa ya kale.

"We mzee!" Noa, msimamizi wa ujenzi, aliingia mbio. Shikamoo hakutoa. "Umeajiriwa kubomoa baraza la nje. Huo ukuta nani kakuambia uuguse?"

"Baba yangu," alijibu Hatibu, akapiga tena.

Nyumba ile anayofikia Gavana akija Tanga, kila aliyeitawala nchi kaigeuza alivyotaka. Mdachi aliijenga kwa mawe ya matumbawe, paa bapa la boriti na chokaa. Mwingereza akaja, akaona paa linavuja, akaivika mabati na kuizungushia baraza la matofali. Sasa, mwaka hamsini na tano, baraza limemchukiza mke wa Gavana, basi livunjwe. Ila ukuta mmoja, kati ya ukumbi na ngazi, hakuna aliyewahi kuugusa. Unene wake mikono mitatu, na ukiugonga unalia mvungu.

Fundi Uweso, baba yake Hatibu, ndiye aliyekuwa akiupandisha siku alipogombana na msimamizi wa Kidachi. Asubuhi aliingia kazini, jioni hakurudi nyumbani. Mtaa mzima wa Mabawa ukasema kauawa, kajengewa mle mle ukutani. Hatibu alikuwa na miaka saba. Tangu hapo aliichukia nyumba ile, akipita njiani anatema mate. Mama yake, Bi Mwanamkasi, alibaki si mke si mjane: talaka hakupewa, maiti hakuonyeshwa, eda hakukaa. Watu wakianza habari ya ukuta, huinuka akaenda zake jikoni. Hatibu alitaka kitu kimoja tu duniani: amtoe baba yake mle, amzike, mama akae eda kama wajane wenziwe.

"Ramani ninayo mimi!" Noa alifoka. "Mdachi kaandika mwenyewe: ndani mna uwazi wa kupitishia hewa. Basi!"

"Na wewe ukaamini? Muuaji akuchoree alipoficha maiti? Huna haya wewe!"

"Kazi huna tangu sasa hivi. Toka!"

"Nitatoka na baba."

Noa akawaita vibarua wawili wamshike. Walimshika, akawakung'uta, wakasimama kando wakitazamana. Jiwe la kwanza likaanguka, la pili, la tatu. Hatibu akaingiza kichwa na kurunzi.

Loo! Lipu safi kuanzia chini mpaka juu, na huko juu kabisa tundu la hewa, limezibwa na mabati ya Mwingereza. Utando wa buibui. Vumbi. Mfupa hata wa kuku hapana.

"Hewa," alisema Noa, akicheka. "Nilikwambia hewa, ukanitukana."

Hatibu aliutupa mtaimbo akatoka, na njia nzima hadi Mabawa alilia waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini. Kama hakuuawa, basi alikimbia. Aliwatupa, yeye na mama yake, akaenda zake! Miaka arobaini na mitatu Hatibu kaichukia nyumba ya watu, kumbe wa kuchukiwa yuko kwingine, kama bado yuko. Na mama je? Akaambiwe uzeeni kwamba mume alimtoroka? Laa, hasha. Dhambi ya uongo ataibeba yeye mbele ya Mungu, lakini mama atakaa eda yake kwa heshima.

Alimkuta chumbani, amekaa mkekani, amejitanda nguo nyeupe tupu za eda toka kichwani hadi miguuni. Hatibu alishtuka. Vibarua hawana siri, alidhani, habari za ukuta kuvunjwa zimefika kabla yake, na mama hakungoja hata kuulizia kilichokutwa ndani. Vizuri basi. Akapiga magoti, akamshika mikono.

"Tumempata, mama. Alikuwa mle mle ukutani. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Bi Mwanamkasi aliitoa mikono yake taratibu.

"Mwongo kama baba yako," alisema. "Barua imefika adhuhuri kutoka Lamu. Kafa wiki iliyopita, kaacha wake wawili na watoto saba."