Besi Isiyofika

Chambuso alikuwa amerekodi kwa simu, mara nne, kibao cha kumtumia kaka yake. Kaka huyo, aliyemfundisha gitaa la besi, alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, sauti imemkauka, akitaka kusema kitu humnong'oneza nesi. Rafiki zake wawili, wapiga besi wa mtaani kama yeye, hawakuchoka kushauri.

"Ziba dirisha kwa blanketi, ndugu yangu," alisema Tindwa.

"Blanketi la nini? Tumbukiza simu kwenye sufuria, mlio utajaa," Mzuzuri akadakia.

Wakafanya yote, akarekodi tena. Walipoijaribu rekodi hiyo kwenye spika kubwa ya Tindwa, besi ilitikisa hadi vikombe mezani. Chambuso akaituma.

Baadaye nesi akapiga simu. "Nimemwekea sikioni, kaka. Anauliza mbona hupigi. Anasema anasikia mguu wako tu, unavyogonga sakafu."

Kispika cha simu hakibebi besi. Wote watatu walilijua hilo miaka yote, na hakuna aliyelikumbuka.

"Usikate, dada," Chambuso akamwambia nesi. "Mrudishie simu sikioni."

Akaliegemeza gitaa ukutani, akailaza simu sakafuni, akakaza kamba za kiatu, kisha akainua kisigino.