Mlolongo Nyuma ya Kibii

Kocha alisema wachezaji wapige kura ya mlolongo. Anayetaka Kibii abaki asimame nyuma yake. Anayetaka apelekwe timu ya Mai Mahiu, wao walete mshambulizi wao kijana, asimame karibu na goli.

"Na wewe mzee usigeuke," kocha akamwambia. "Utawatia watu haya."

Kibii akatazama mbele, kwenye mashamba ya ngano ya Mau Narok. Alikuwa beki wa timu hii miaka kumi na sita, na tangu mkewe afariki, hakuwa na watu wengine wa kunywa nao chai Jumapili.

Akasikia njumu zikikwaruza nyasi kuelekea goli, nyingi. Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha.

Kisha mkono ukatua polepole begani mwake, umevaa glavu yenye matope. Alikuwa kipa.

"Tuko wangapi?" Kibii akanong'ona.

Kipa akatazama upande wa goli. "Wengi, mzee wangu. Wewe tulia tu."

Kocha akaja kuhesabu upande wao.

"Mmoja," akasema, akaishia hapo.