Ukurasa wa Arobaini na Moja

Bishakha alikuwa ameshanawa mikono mpaka viwikoni, lakini mlango wa jiko ulikuwa umezibwa na Nimai mpishi, upawa mkononi, macho chini.

"Dada, usivuke," alisema. "Nakuomba. Usinitie dhambini."

"Nimai, si mimi niliyekufundisha kuchagua dengu?"

"Ni wewe. Lakini wakati ule hukuwa mjane."

Hilo halikuwa na ubishi. Tangu akiwa kigori mpaka alipoolewa, Bishakha ndiye aliyempikia Mungu chakula cha sadaka katika ashramu hii, makao ya waumini kando ya mto Bhagirathi. Sasa mume amekufa kwa kuumwa na nyoka, shemeji zake wamemhamishia banda la ng'ombe wakisema ana kisirani, naye amerudi kwa baba yake ndani ya sari nyeupe, hana mbele wala nyuma. Lakini hapa mwanamke hapewi pa kulala asipokuwa na kazi ya jikoni. Na jikoni kuna neno la Gurudeb.

Baba yake, mzee Gadadhar, alikuwa amesimama uani, anasikia yote. Neno hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Gurudeb, mwalimu aliyeanzisha njia yao, hakuandika kitu maisha yake yote. Yeye alisema, na Gadadhar, wakati huo kijana wa miaka ishirini na miwili, aliandika. Mengine aliyasema akiwa mzima, mengine kitandani, katika homa iliyomwondoa. Kikatoka kijitabu chembamba, na ukurasa wake wa arobaini na moja unasema: mjane asiguse chungu cha Mungu.

Miaka arobaini Gadadhar amekilinda kijitabu hicho kama mboni ya jicho. Wakubwa walitaka kulainisha hapa, kurekebisha pale. Alikataa ng'o, hata nukta. Watu walimheshimu kwa hilo, na kwa nadhiri yake pia. Payesh, ule wali mtamu wa maziwa ambao Gurudeb aliupenda kuliko chakula chochote, mzee hajautia mdomoni tangu ujana. Akipewa bakuli, humsogezea jirani. Watu walisema huko ndiko kumpenda mwalimu.

Mahanta Jadab, mkuu wa ashramu, aliwaita baba na binti barazani. Alikuwa mtu mpole, na Bishakha alimjua tangu anatambaa.

"Baba," Bishakha alianza, "si wewe uliyenihadithia kwamba Gurudeb alikuwa akila kwa mkono wa Khiroda? Na Khiroda alikuwa mjane."

"Alikula," mzee akasema. "Kabla ya kitabu."

Huyo Khiroda alikuwa mpishi mkali kama pilipili. Ole wako akukute umeonja chakula kabla ya Mungu kuandaliwa, maana kilichoonjwa ni makombo, na Mungu hapewi makombo. Upawa wake ulikuwa haubagui mgongo. Gurudeb alipokwisha kufariki, kijitabu kikatoka chapani na kusomwa mbele ya watu wote. Khiroda aliusikia ukurasa ule, akamtazama Gadadhar kwa muda mrefu, kisha akaweka upawa chini.

"Kama ni neno lake, ni neno lake," alisema, akaondoka na nguo alizovaa. Miaka miwili baadaye alikutwa amekufa kwenye stesheni ya reli, bakuli la kuombea ubavuni.

Mahanta alikohoa kidogo.

"Mzee Gadadhar, sisi wengine tumepokea tu. Wewe ndiye uliyekaa naye. Niambie kwamba yalikuwa maneno ya wakati ule, kwa mtu fulani, kwa sababu fulani. Sitakuuliza sababu. Chapa ijayo ukurasa tunautoa, na mwanao anaingia jikoni leo hii, kabla ya sadaka ya adhuhuri."

Gadadhar alimtazama mwanawe, na ile mikono ambayo bado ilikuwa mibichi kwa maji, na moyo ukamuuma kiasi cha kutamani ardhi immeze. Kisha akawafikiria watu waliozeeka na kijitabu kile mfukoni, na waliokufa wakachomwa motoni nacho kifuani.

"Likitoka moja, wataulizia la pili," akasema. "Neno la Gurudeb halipunguzwi."

"Hata kwa damu yako mwenyewe?"

"Sheria ni msumeno, Mahanta."

Bishakha hakulia. Aliinama, akaigusa miguu ya baba yake kwa heshima, akasimama.

"Haya, baba. Kama ni neno lake, ni neno lake."

Alichukua kifurushi chake, akashika njia ya kivukoni, kurudi kwenye banda la ng'ombe. Nimai alimsindikiza kwa macho mlangoni pa jiko, machozi yakimchuruzika bila kujificha.

Kengele ya adhuhuri ikalia. Sadaka ilipokwisha kutolewa, Nimai alimletea mzee bakuli.

"Leo kula, mzee wangu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtii mwalimu kama wewe."

Ilikuwa payesh. Harufu ya maziwa na iliki ilimpanda Gadadhar puani, ikamrudisha alasiri ile, kwenye kile chumba kidogo: Gurudeb amelala tangu asubuhi, homa imemzidi, hana habari ya dunia, huko jikoni Khiroda ameapa kwamba mwalimu akiamka tu, atamwambia ni nani aliyetia kidole kwenye chungu cha Mungu, na yeye Gadadhar, kijana wa watu, anakilamba kidole kile, anachovya kalamu, anaanza ukurasa wa arobaini na moja.