Okidi Nyeupe ya Rebero

"Nyeupe?" Kamikazi aliuliza kwa mara ya tatu. "Si zambarau iliyopauka?"

"Nyeupe kama maziwa," alisema Silvère.

Miaka kumi na miwili mwalimu huyu mstaafu alikuwa amepanda milima na kushuka mabonde akitafuta okidi ya porini yenye rangi isiyo ya kawaida. Akaja kuipata kwake Rebero, jijini Kigali, hatua arobaini kutoka mlango wa choo chake. Alituma picha. Kamikazi, mtaalamu wa mimea, akajibu kwamba simu zinaongopa, naye huandika tu alichokiona kwa macho yake. Ndiyo maana leo Silvère alimfuata mtaa wa Kimironko kwa teksi. Kamikazi akiikubali, jina la mgunduzi litaingia kitabuni mwake, na wote waliomwita mzee wa majani wataona haya.

Ua lilikuwa salama. Alilizungushia waya, akamwachia jirani yake, Mama Shimwa, alilinde. Mama Shimwa akaapa kumfunga beberu wake nyuma ya nyumba.

Majirani hao huongea Kiswahili, kwa kuwa Mama Shimwa alikulia Uganda na Kinyarwanda chake huchekwa sokoni. Kiswahili chenyewe wote wamekiazima. Kwa Mama Shimwa, mtu, mbuzi na meza vyote ni "iko". Kwa Silvère, aliyekulia Burundi, r na l ni mapacha, na kukua ni kukura.

Walipokuwa njiani, simu ya Silvère ikalia.

"Muzee, imefika kwa waya yako. Niivute?"

Silvère alifurahi hadi akasahau kupumua. Jana shina lilikuwa limebakiza vidole viwili kuufikia waya.

"Hapana, usiivute! Iache ikule."

"Ikule?"

"Ikule mpaka ichoke!"

"Haya, muzee. Ni ua yako."

Silvère akamwambia dereva aongeze mwendo.

Walimkuta Mama Shimwa ameketi juu ya jiwe, uso wake wa mtu aliyetimiza agizo asilolielewa.

"Nimeiacha, muzee," alisema. "Sasa imeshiba."

Beberu alikuwa amelala ndani ya waya, akicheua. Kamikazi alivaa miwani, akachuchumaa, akachomoa petali moja kwenye ndevu za mnyama na kuiinua juani.

"Kweli," alisema. "Ni nyeupe kabisa."