Mateke ya Mwezi wa Sita

Mtoto alianza kuteleza kuelekea paja la kushoto wakati mama mkwe akimimina chai.

Mkamwana alijikunja, akalishika tumbo kwa mikono miwili na kulirudisha katikati, huku akijifanya anakohoa. Mto ule aliushona mwenyewe kwa pamba ya godoro la zamani, akaufunga kiunoni kwa kamba mbili. Ulikuwa na kiburi: kila akiinama, nao unatafuta njia yake.

"Amecheza?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka.

"Amecheza, mama."

"Basi usimshike hivyo. Mwenye mimba ya miezi sita hashiki tumbo kama mtu anayezuia mzigo usianguke. Anashika kiuno. Mgongo ndio unaouma."

Akashika kiuno. Angefanya nini?

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, na alihamia na cherehani yake. Aliposikia tu kwamba mkamwana ana mimba, na mumewe dereva wa lori yuko safarini, alifungasha virago, akaja, akatangaza kuwa haondoki mpaka mtoto azaliwe. Nani wa kumkataza? Cherehani ikakaa sebuleni, ikiutazama mlango. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia wala kutoka bila kupita mbele ya macho yale yaliyozoea kutunga uzi kwenye sindano.

Nyumba ikawa ndogo ghafla. Mlango wa bafu haukuwa na komeo, kwa hiyo mkamwana alioga huku mguu mmoja umeukanyaga mlango. Alilala na mto, akaamka na mto, na joto lile likamtoa vipele kiuno kizima. Akitaka kulia, alisubiri cherehani ianze kunguruma.

Na mafunzo, jamani, hayakuisha! "Mwezi huu kiungulia kinaanza. Mbona husemi una kiungulia?" Basi anasema anacho. "Miguu haijavimba? Iweke juu ya kigoda hata kama haijavimba, watu wanapita." Anaiweka. Kuinuka kitini nako alifundishwa upya: kwanza upande, kisha mkono, kisha pumzi ndefu. Alihisi anachunguzwa, na kwamba kila kosa lilikuwa linahifadhiwa mahali.

Mtoto wa kweli alikuwepo. Alikuwa tumboni mwa binamu wa mkamwana, mji wa mbali, msichana aliyesema wazi kwamba hataweza kumlea. Mke na mume walimtaka mtoto huyo kwa roho moja. Miaka yote ya kungoja na kukosa ilikuwa imewachosha. Mpango wa mto ulikuwa wa mume.

"Mama akijua si damu yake," alikuwa amesema, "mtoto atakuwa mgeni humu ndani mpaka anazeeka. Namfahamu mama yangu."

Na kweli, jirani alipokuja kuomba kiberiti, mama mkwe alimwimbia wimbo ule ule. "Damu yetu hiyo inakuja! Pua yangu, kama baba yake!" Jirani akacheka, akanyoosha mkono kulipapasa tumbo. Paa! Rula ya fundi ikatua juu ya vidole vyake.

"Toa mkono! Unafikiri ni parachichi, la kubonyezwa?"

Jirani akaondoka amenuna. Mkamwana akashusha pumzi, akaishukuru bahati yake.

Siku ya kliniki aliona leo ndiyo mwisho, maana mama mkwe alisema atamsindikiza. Lakini walipofika getini bibi huyo akajikalisha kwenye ngazi. "Ingia peke yako. Mimi harufu ya dawa inanichefua. Na usitoke upesi, kliniki hakuna anayetoka upesi." Mkamwana akaketi ndani, kwenye benchi la mwisho, akisoma mabango ya ukutani mpaka macho yakamchoka. Akaishukuru pua ya mkwewe pia.

Bahati ikaisha jioni ile ile.

"Simama hapa. Nakupima gauni," mama mkwe alisema.

"Mama, haya niliyonayo yanatosha."

"Yananitosha mimi? Simama."

Utepe wa kupimia ukazunguka tumbo. Vidole vya fundi vikapita mbele, vikapita ubavuni, vikafika mgongoni na kusimama juu ya fundo la kamba. Vikalibonyeza mara moja.

"Tumbo hili," mama mkwe alisema polepole, "mwezi jana lilikuwa hivi hivi."

Alimwacha pale, akaenda mlangoni, akafunga kwa ufunguo. Akavuta pazia. Mkamwana akatazama dirisha, nondo. Akatazama mlango wa nyuma, umebanwa na kabati. Hakuna pa kukimbilia. Akamwona yule mtoto, hajazaliwa bado na tayari ameshafukuzwa.

"Mama, nisamehe. Naomba nikueleze. Huyo mtoto hana kosa lolote, mimi ndiye—"

"Nyamaza. Jirani ana masikio."

Mama mkwe alipiga magoti, akavuta sanduku lake kutoka chini ya cherehani. Akatoa nguo, akatoa vipande vya vitambaa, akafika chini kabisa. Aliposimama alikuwa ameshika mto mkubwa wa duara, umepauka, umetiwa viraka kwa mshono safi.

"Vua huo, vaa huu," alisema. "Una kamba nne, hautelezi, na chini nilitia mchanga ili mgongo uume kweli. Ndio niliouvaa nikimngoja mumeo. Naye hajui mpaka leo, kwa hiyo usimwambie."