Benchi la Mlangoni

Kilikuwa palepale, katikati ya njia ya wageni, mahali pa jana na pa juzi. Laurent aliziba pua kwa leso na kugeuza uso. Kinyesi kibichi, kingi, kimejaa mbegu.

"Banakula matunda yetu," alimwambia Byiringiro, mlinzi wake, "kisha banakuja kutulipa hapa. Fukia! Fukia mbio, nisitapike."

Kilima hicho kando ya ziwa la Nakivale, katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kilikuwa kimenyolewa na mashoka ya kuni hadi shirika la uhifadhi lilipomkabidhi Laurent kazi ya kukiotesha upya. Alipanda miti, akachonga njia ya matembezi, akasimamisha kibanda cha kutazamia ndege. Jumamosi ya wiki inayofuata, Daktari Kebirungi wa ofisi ya shirika hilo huko Kamukuzi, mjini Mbarara, angekuja kuamua kama wanafunzi na wageni waanze kuletwa. Waletwe wakanyage nini?

Laurent alikuwa pia mzee wa kanisa. Jumapili, mahubiri yalipokwisha, alisimama mbele bila kuficha kinyaa chake.

"Bapendwa, hata paka anafunika uchafu wake. Kati yetu kuna mutu mwenye kushindwa na paka."

Watu wakacheka.

"Musicheke! Mutu huyo asimame leo, atubu, akae kwa benchi ya mulangoni. Akijificha, nitaweka balinzi alfajiri, na batamuleta mbele yenu vile batamukuta, akiwa mwanaume ao mwanamuke."

Kwa neno hilo la mwisho aliutazama upande wa akina mama.

Hapo Mzee Semahoro akasimama, kofia mkononi. Semahoro alikuwa mfugaji wa milima ya Kivu ya Kusini, na kwa watu wake mzee wa rika lile huona haya kuonekana hata akitafuna.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe, Papa?" Laurent alimwuliza, kwa neno lao la kumheshimu baba. "Na choo iko kwako?"

"Ni mimi. Ni uzee."

Upande wa akina mama, mkewe, Nyirakamana, alikuwa akiita kwa sauti ndogo majina ya ng'ombe waliobaki Kongo, kama alivyofanya katika kila ibada. Hakuna aliyemgeukia, walikwisha kumzoea.

Benchi la mlangoni ni fupi na halina mgongo. Anayelikalia hapewi mkono, hashiriki Meza ya Bwana, wala haongozi sala msibani. Semahoro, ambaye sauti yake ilikuwa imewasindikiza wafu wengi wa makazi yale, alikwenda akaketi hapo, na vijana waliotoka nje walipita wakishika pua.

Kesho yake alipewa jembe akafukie mabaki yaliyosalia kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika kilimani alizunguka huku na huku, akachungulia vichakani, mpaka Byiringiro akamvuta kwa mkono wa shati na kumwonyesha mahali.

"Anajifanya hajui fasi yake," alisema Laurent, akatema mate.

Tangu siku hiyo mzee hakuonekana bila mkewe. Sokoni, kisimani, njiani, alimshika kifundo cha mkono wala hakumwachia. Kwa Laurent hilo nalo lilikuwa chukizo: mwanamume mzima kujificha nyuma ya kitenge cha mwanamke. Hata hivyo njia ilikaa safi wiki ile, naye akaamini kwamba aibu ni dawa.

Jumamosi Daktari Kebirungi akaja, mama mnene mwenye viatu vya shamba. Wakazi walifuatana naye kilimani. Laurent alitangulia, akionyesha miche, akitaja majina ya ndege, hadi walipofika kwenye kona. Kilikuwa palepale. Cha asubuhi ile.

Laurent aliziba pua kwa leso. Aligeuka akamtafuta Semahoro kwa macho, akamkuta nyuma ya watu, amemshika mkewe, ambaye kitenge chake, tofauti na vya wenzake, kilikuwa kimelowa umande hadi magotini, kama cha mtu aliyetoka nje kabla ya jua.

"Hata leo, Papa? Mbele ya bageni? Nilikupa benchi, na hukushiba! Kesho nitafuta jina lako kanisani!"

"Ni mimi," Semahoro akajibu upesi. "Munihukumu mimi. Mimi peke yangu."

Wanawake wakafunika midomo. Mtu mmoja akamwita mbwa. Hapo ndipo walipoona kwamba Daktari Kebirungi alikuwa amepiga magoti, akikichokoa kinyesi kwa kijiti, na kwamba alikuwa akicheka.

"Bwana Laurent, hii hapana ya mtu. Hii ya fungo."

"Fungo?"

"Mnyama wa usiku, ana madoa, mkubwa kupita paka. Yeye iko na choo yake, anarudi pahali pamoja tu. Angalia: mbegu, na hii maganda ya jongoo. Mtu gani anakula jongoo?" Akasimama, akapangusa magoti. "Fungo hapana rudi pahali hakuna pori. Nyinyi mmefaulu! Hii kilima imepona. Hao wanafunzi, mimi nitaleta."

Watu wakapiga makofi. Laurent hakupiga. Leso ilikuwa bado puani pake.

"Lakini mwenyewe alitubu," alisema. "Mbele ya kanisa. Alitubu!"

Vidole vya Mzee Semahoro viliuachia mkono wa mkewe, kimoja baada ya kingine.

"Dokteri," aliuliza, "uko na hakika? Haikuwa Nyirakamana?"